Nilivyofukuza watazamaji kwa moshi wa korosho, kisha wakarudi wenyewe

Nianze na wale walioniambia ngoma haijazi watu. "Leta singeli tu," alisema jamaa mmoja hapa Mikindani, pwani ya Mtwara, akitaka ule muziki wa kasi wa vijana, tena mtu mzima. Mwaka juzi nilimsikiliza nusu: nikakodi spika na projekta, nikatundika shuka, nikawaonyesha watu wasanii weusi ninaowahusudu. Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini aliyesimama Umoja wa Mataifa mwaka 1963 kuwasema makaburu, alitazamwa na watu kama ishirini, na wengi walifuata umeme wa kuchajia simu. Hata Bi Kidude na ngoma zake za unyago, ambazo huku Kusini si habari ngeni, alipita hivi hivi. Mzee mmoja akanivuta pembeni. "Mjomba, hawa ni wakali. Ila jasho lao halitufikii."

Basi mara ya pili nikaleta jasho. Kikundi kilishuka kutoka Newala na ngoma za Wamakonde: sindimba, na mapiko, ile ya vinyago. Nauli, ubwabwa, soda, tuseme laki tatu na ushee; sikuandika popote, na mke wangu asiulize.

Kosa langu lilikuwa upepo wa bahari. Ngoma zilizotoka kwenye ubaridi mkavu wa juu huko, zikifika ufukweni usiku, ngozi zinalegea. Fundi alipopiga likuti, moja ya ngoma zao, ikalia kama godoro. Akaomba moto. Mimi mjanja nikakumbuka gunia la maganda ya korosho kwa jirani anayebangua nyumbani. Bure kabisa! Nikamwaga lote.

Kama hujawahi kuchoma maganda ya korosho, usijaribu. Yale mafuta yake yanawasha mpaka kwenye moshi. Fundi alilia machozi, watoto wakakohoa, akina mama wakajifunika khanga wakakimbilia pwani wakinitaja kwa majina ambayo siyo niliyopewa na wazazi. Uwanja ukabaki na mimi, mbwa na gunia tupu.

Nikaenda kwenye banda langu la kuku nikang'oa makuti ya paa. Makuti makavu yanawaka kwa mwali mrefu, safi, na ndicho fundi alichotaka tangu mwanzo, ningemuuliza tu. Akaigeuzia ngozi motoni, akawa anaigonga kwa kidole, anasogeza, anagonga. Vinganga, zile ngoma ndogo, vikaanza kulia vikali, kimoja baada ya kingine. Mlio ule ukafika pwani. Sikumwita mtu. Niliona khanga zinarudi gizani, kwanza tatu, kisha sikuweza kuhesabu. Gari la matangazo nililolilipia mchana lilikuwa hasara tupu.

Lipiko, yule mchezaji aliyevaa kinyago, alipotoka kelele zilikatika. Ule uso wa mti ulikuwa unatazama kila mmoja wetu, na ngoma unazisikia kifuani kabla ya masikioni. Aliyekuwa ndani simtaji. Bibi mmoja jirani yangu, mkali kuliko siafu, alikaa chini mchangani akalia bila kujificha. Nilimuuliza baadaye. Akasema, "Kageuza bega kama kaka yangu, yule wa Masasi." Kaka yake alishazikwa zamani.

Yule jamaa wa singeli alicheza sindimba mpaka akapoteza kiatu. Kuku wangu walilala jikoni wiki nzima.