Koishikawa Korakuen: ingilia lango la mashariki

Nilishuka kituo cha treni cha Suidobashi, Tokyo, nikatokea upande wa magharibi. Kutoka hapo hadi lango la mashariki la bustani ya kale ya Koishikawa Korakuen ni mwendo wa dakika tano hivi, ukipita ubavuni mwa uwanja wa Tokyo Dome. Wageni wengi hushukia kituo cha Iidabashi na kuingilia magharibi, wakalikuta bwawa kubwa mapema mno.

Tokugawa Yorifusa, mtawala wa jimbo la Mito, alianza kuijenga bustani hii mwaka 1629, na mwanawe Mitsukuni akaikamilisha. Ilipangwa iwe safari ya miguu. Kwa hiyo ukitoka bustani ndogo ya ndani, njia hupita kwenye kichaka kizito chenye giza, mfano wa barabara ya milima ya Kiso katikati ya Japani, na macho yako yanabaki kwenye mawe unayoyakanyaga. Kisha miti inaachana ghafla na bwawa lote linafunguka mbele yako, kisiwa katikati. Ukianzia upande wa pili, mshangao huo umeupoteza.

Mawe hayo hayalingani kimo, na mvua ikinyesha huteleza vibaya. Vaa viatu vya soli inayoshika. Sanduku la magurudumu liache kwenye makabati ya kituoni, maana huku litakuwa la kubebwa mkononi.

Mbele zaidi kuna kilima kilichofunikwa mianzi mifupi iliyokatwa sawasawa, kwa kuiga mlima Lushan wa China, na tuta linaloiga lile la ziwa la Hangzhou. Mitsukuni alishauriwa na Shu Shunsui, msomi wa Kichina aliyekimbia nchi yake dola ya Ming ilipoanguka. Daraja la mawe la Engetsukyo ni kazi ya msomi huyo: tao lake ni nusu duara, na kivuli chake majini hukamilisha mwezi mpevu. Halivukwi, hutazamwa tu. Upepo mdogo unatosha kuuvunja mwezi huo, basi nenda asubuhi maji yakiwa yametulia. Lango hufunguliwa saa tatu, kiingilio ni yeni 300, na mgeni wa mwisho huingia saa kumi na nusu jioni. Asubuhi pia hupunguza makelele ya vigari vya michezo vinavyoporomoka kwenye reli za jirani. Mchana husikika hadi bwawani.

Februari ni maua ya plamu, Juni ni airisi kando ya daraja la mbao, na mwisho wa Novemba majani ya momiji, yaani miti ya maple ya Kijapani, huwa mekundu. Hapo ndipo watu hujaa.

Mimi nilikaa zaidi kwenye kishamba cha mpunga, ambacho wengi hukipita. Mitsukuni alikitengeneza ili mke wa mwanawe wa kulea aone taabu ya mkulima. Siku hizi wanafunzi wa shule za msingi za mtaa wa Bunkyo huingia kwenye tope hilo mwezi Mei kupanda miche, na Septemba hurudi kuvuna.