Nilivyoamua kubaki na chujio la hewa la karatasi kwenye Hilux yangu

Mwezi wa nane mwaka jana, msimu wa kusafirisha mahindi ukiwa umepamba moto, pikapu yangu ilianza kuchoka. Ni Toyota Hilux ya dizeli ya mwaka 2008, injini lita 3.0, na kazi yake ni kutoa mahindi Kibaya kwa barabara ya vumbi hadi Kongwa, kisha kuyafikisha sokoni Kibaigwa. Kilima ambacho nilikuwa nakipanda kwa gia ya nne nikiwa na magunia tisa (ya kilo 100, wala si lumbesa) kilianza kunidai gia ya tatu, baadaye ya pili, huku moshi mweusi ukinifuata nyuma.

Muuza vipuri mmoja alinipa jibu kabla sijamaliza kueleza. Alitoa chujio la hewa lenye umbo la koni, la pamba inayopakwa oili, pamoja na bomba la alumini linalong'aa, akaniambia: "Kaka, injini yako imebanwa pumzi. Ng'oa hilo kasha la chujio lote, funga hii, gari litaruka lenyewe." Bei ilikuwa shilingi 480,000. Nakiri kwamba nilishaingiza mkono mfukoni.

Kilichonizuia ni vumbi. Anayeijua Kiteto, wilaya iliyo na Kibaya, wakati wa kiangazi anajua kwamba ukiwa nyuma ya lori unawasha taa mchana. Usiku ule nilikaa na karatasi nikapiga hesabu: injini ya lita 3 hunyonya ujazo wake mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo ikizunguka mara 2,500 kwa dakika huvuta takriban lita 3,750 za hewa kila dakika, na hapo turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, haijaongeza ya kwake. Hewa yote hiyo, kwa saa tatu za safari, inapita kwenye chujio moja. Swali langu likabadilika: nilikuwa nauliza hewa kiasi gani itapita, na sasa nikataka kujua vumbi kiasi gani litapita pamoja nayo.

Nilimpelekea shauri hili fundi mzee wa matrekta pale Kongwa, mtu asiyeuza kipuri chochote, na ndiyo maana nilimwamini. Alinieleza kwamba injini ya dizeli huendeshwa kwa kawaida ikiwa na hewa ya ziada, hivyo kuiongezea hewa bila kuiongezea mafuta hakuleti nguvu ya maana. Koni iliyo wazi chini ya boneti, alisema, hunyonya hewa iliyokwisha kupashwa joto na injini yenyewe, na hewa ikipanda joto kwa nyuzi 10 hupungua uzito kwa karibu asilimia 3. Kuhusu ile pamba, alinionya kwamba ikipakwa oili kupita kiasi, oili husafiri hadi kwenye sensa inayopima hewa na kuichafua.

Kisha akasema tupime badala ya kubishana. Alikuwa na kipimo cha plastiki, ukubwa wa kidole gumba, kilichotolewa kwenye trekta. Huchomekwa kwenye bomba lililo kati ya chujio na turbo. Chujio likiwa limeziba, mvuto wa injini huipandisha alama nyekundu hadi kwenye kidirisha, nayo hubaki pale mpaka uibonyeze irudi. Tulipakia mzigo, nikapanda kilima mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho. Tulipofungua boneti, alama haikuwa imefika hata nusu.

"Mwanangu, hewa inaingia vizuri," alisema mzee. "Tutazame inakopotelea."

Ilikuwa inapotelea kwenye bomba la mpira linalotoka turbo kwenda kwenye intakula, yaani kipoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Upande wa chini, usioonekana ukisimama, ulikuwa umelowa oili nyeusi, na mzee alipoubinya ulifunguka kama mdomo wa kambare. Gari likiwa limesimama ufa ulijifunga. Likibeba mzigo, hewa iliyokwisha kupimwa ilitoka nje, mafuta yakabaki mengi kuliko hewa, na moshi ukawa mweusi. Mpira mpya ulinigharimu shilingi 95,000, na kilima kikarudi kwenye gia ya nne siku ileile.

Hata hivyo, kilichonikosesha usingizi ni jambo jingine. Mzee aliniomba leso nyeupe, akaizungusha ndani ya bomba, upande ule ambao hewa imekwisha kuchujwa. Ilitoka na vumbi jekundu, laini kama unga wa dona. Chanzo kilikuwa mimi. Klipu moja ya kasha ilivunjika zamani nami nikaifunga kwa waya. Ukingo wa mpira wa chujio la bei rahisi ulikuwa umekakamaa hata haukukaa sawasawa. Na kila wiki nilikuwa nalipuliza chujio hilohilo kwa upepo wa kompresa, nikidhani nalitunza. Tulimulika tochi kwa ndani gizani, tukaona vitobo vya mwanga kama nyota. Vumbi linalopita hapo husaga mapanga ya turbo na kukwangua silinda taratibu, na siku injini inapoanza kula oili hakuna anayekumbuka klipu.

Basi pesa ya koni ilifanya kazi nyingine. Nilinunua chujio halisi la karatasi na jingine la akiba, klipu mpya, na kile kipimo cha trekta, ambacho sasa kimefungwa moja kwa moja. Silipulizi tena chujio. Alama nyekundu ikifika kwenye kidirisha nalibadilisha. Kila baada ya wiki mbili leso hupita ndani ya bomba, na hadi sasa inatoka nyeupe.

Limebaki suala la snokeli, lile bomba linalovuta hewa kutoka usawa wa paa, na hilo sijalikataa, kwa kuwa vumbi la magurudumu ni zito zaidi chini na hewa ya usawa wa paa huwa safi kiasi. Lakini kuifunga kunataka kutoboa bodi, na kiungo kimoja kisichozibwa vizuri kitanirudisha kwenye leso nyekundu. Alizeti zikiuzwa, nitampelekea mzee gari, atoboe yeye mwenyewe.