Nani Kakushusha?

Kabla mabasi ya mwendokasi hayajaanza Dar es Salaam, Mei 2016, mimi nilikuwa mzigo wa konda. Wako makonda wa daladala waliojifanya hawanioni nikipunga mkono. Yuko aliyenidai nauli mbili: "Ya kwako na ya hiyo baiskeli, mzee." Na wako waliokuwa wema kupita kiasi, ambao ndio walionichosha zaidi. Mmoja kanishika makwapa, mwingine miguu, abiria wa dirishani anatoa maelekezo, kitimwendo kinasukumizwa nyuma. Nami, mtu mzima mwenye watoto na shahada, namwambia kila mmoja ahsante, Mungu akubariki.

Kwa hiyo niliposema nakwenda Kivukoni kwa mwendokasi, peke yangu, mke wangu alicheka, kisha akaanza kuvaa viatu.

"Mama watoto, vua."

Pale Kimara nililipa 650, nauli ya mtu mmoja. Sakafu ya kituo imeinuliwa ikalingana na sakafu ya basi; hiyo ndiyo siri yote, wala hakuna mashine. Ila siri yenyewe imo mikononi mwa dereva. Akiegesha vizuri, unavuka kama unayetoka sebuleni kwenda chumbani. Akikaa mbali kidogo, panabaki ufa, na magurudumu madogo ya mbele hayajawahi kukutana na ufa yakaupita.

Basi likaja, likasimama mbali. Watu wakaanza kunisogelea. Mikono ile naijua.

"Subirini, jamani."

Nikageuka, nikaingia kinyumenyume. Magurudumu makubwa yakitangulia hayatumbukii. Kijana mmoja alibaki kanyoosha mikono, hajui aipeleke wapi.

"Kumbe unaweza, mzee?"

"Dereva angesogea, ningeweza zaidi."

Mama mmoja akapaza sauti: "Suka, umesikia? Kituo kijacho sogea!" Dereva hakujibu, lakini Ubungo alisogea mpaka usingepenyeza hata kandambili.

Manzese, Magomeni, bonde la Jangwani: vyote niliviona nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe. Kivukoni nikashuka, nikapiga simu nyumbani.

"Nani kakushusha?"

"Hakuna."

Akanyamaza, halafu akauliza kama nimekunywa chai.

Mbele kidogo ya kituo, njia ya waenda kwa miguu ilikatwa na mtaro usio na kifuniko. Nikamwita muuza kahawa na mwenzake, wakaninyanyua.