Masaa matatu kwenye treni, kwenda kuoga

Tunaishi Osaka mwaka wa tatu huu na kila Mjapani nikimwambia sijawahi kulala ryokan ananitazama kama vile nimemwambia nimezaliwa Tanga na sijawahi kuona bahari. Kwa asiyejua, ryokan ni zile nyumba za wageni za kizamani, unalala chini, unavaa nguo zao, unakula chakula chao, na kama iko sehemu yenye maji ya moto ya ardhini basi kazi yako ni kuoga, kula, kuoga, kulala, kuamka na kuoga tena. Bei ni kwa kichwa siyo kwa chumba, hilo lilinichelewesha miaka miwili maana nilikuwa naona bei nasema afadhali, halafu nikizidisha mara mbili nafunga simu.

Mwisho wa Novemba nikajipiga moyo konde tukaenda Kinosaki, mji mdogo kaskazini mwa mkoa wa Hyogo, karibu na Bahari ya Japani. Treni yenyewe inaitwa Kounotori, maana yake korongo, na karibu na Toyooka mke wangu kweli akamwona mmoja amesimama shambani kwenye mpunga uliokwisha vunwa, mweupe na mbawa nyeusi kwa nyuma. Nikamwambia huyo usimchukulie poa, hapahapa Toyooka ndipo korongo wa mwisho wa porini wa Japani alipofia 1971, sumu za mashambani zilichangia sana, ikabidi wafugwe na kuzalishwa mpaka wakaja kuachiwa tena 2005. Akanijibu "haya, na huko tunakokwenda tunavua nguo zote au siyo?"

Ndiyo tatizo letu lilipokuwa. Siyo hela, siyo chakula. Kuvua. Kule hakuna cha kaptula wala kikoi, unaingia kama ulivyozaliwa, wanaume kwao wanawake kwao lakini mko wengi. Mke wangu akasema "mume wangu we, nimejisitiri miaka yote hii, leo nikavue mbele ya mabibi wa watu nisiowajua?" Kwa hiyo tulichagua nyumba yenye bafu la kukodi kwa muda, mnajifungia wenyewe. Tukakubaliana tutaogea humo tu.

Sasa kitu kilichonishangaza ni kwamba tulipofika, kile ambacho wenzetu wa Ulaya wanakionaga kigeni kwetu kilikuwa nyumbani kabisa. Viatu mlangoni. Ndani sakafu ya tatami, yaani majani yaliyofumwa, ukikanyaga na ile harufu ikikupanda ni mkeka mpya mtupu. Meza fupi, mnakaa chini. Chooni kuna slipa zake, ukitoka unaziacha hukohuko, na mzungu mmoja tulimkuta anatamba kwenye korido na slipa za chooni, mhudumu anamfuata nyuma hajui aanzeje kumwambia. Mke wangu akanong'ona, huyu kwa bibi yangu angepigwa na ufagio.

Na mitalawanda, vile viatu vya mbao! Mimi mitalawanda niliiona mara ya mwisho kwa bibi, alikuwa anaivaa akienda bafuni, unamsikia ko ko ko uani hata kabla ya adhana ya alfajiri. Kinosaki mji mzima unatembea na mitalawanda. Wao wanaita geta, ina meno mawili chini, nyumba inakuazima, na usiku barabara pembeni ya mto Otani ni ko ko ko mwanzo mwisho, watu wamevaa yukata, lile vazi unalopewa na ryokan, kila nyumba na rangi yake, miti imeinama juu ya maji, vidaraja vya mawe. Nyumba nyingi ni za mbao, ghorofa mbili tatu. Mji uliteketea 1925 kwenye tetemeko na moto uliofuata, na walipojenga upya wakaurudisha kwa sura ileile ya zamani, mimi ningekuwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ningesema tujenge kwa saruji jamani tumekoma.

Lakini kabla ya kutoka nje niliaibika. Yukata ni kama kanzu iliyopasuliwa mbele, unaifunga na mkanda. Nikajifunga mwenyewe nikajiona nimependeza, yule mama aliyetuletea chai akaniangalia, akaweka mkono mdomoni, akaja akanifungua mkanda kwa adabu zote na kuugeuza upande, wa kushoto ukaja juu. Akaeleza kwa ishara na Kijapani cha polepole kwamba upande wa kulia ukiwa juu ndivyo wanavyomvika maiti. Yaani nilikuwa nimejivika sanda nakwenda zangu dinner. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Chakula cha usiku saa kumi na mbili kamili, siyo na robo. Tulishaandika tangu wakati wa kubuku kwamba hatuli nguruwe wala kitu chenye pombe, wakatupigia simu mara tatu kuuliza vipi kuhusu mirin, kile kileo kitamu wanachotia kwenye michuzi, wakapika bila. Na huo ndio msimu wa kaa, unaanza Novemba, kaa wa miguu mirefu mwenye kitagi cha plastiki kinachosema kavuliwa bandari gani. Babu yangu hakuwahi kula kaa maisha yake yote, alisema ana makao mawili, nchi kavu na baharini, na kiumbe wa hivyo haaminiki. Mimi nimelelewa na bibi. Nilikula wa kuchoma, wa kuchemsha, na mwisho wakatia wali kwenye ule mchuzi uliobaki, hapo sikuongea na mtu.

Turudi kwenye kuoga. Lile bafu la kukodi lilikuwa zuri, sikatai, ila dakika arobaini zinaisha hata hujalainika. Na Kinosaki utamu wake ni yale mabafu saba ya mji, kila moja na jengo lake, ukilala kwenye ryokan unapewa pasi unaingia bure, hata ukiwa na tatuu hawakufukuzi kama sehemu nyingine. Saa tatu usiku nikamwambia mke wangu mimi nakwenda, liwalo na liwe. Najua shehe wangu ataniambia nini, sisemi nilifanya sawa, nasema nilikwenda.

Unavua, nguo kwenye kikapu, unabaki na kitaulo kidogo cha upana wa leso, hicho ndicho nilikishikilia mbele kama ngao. Kabla ya kuingia unakaa kwenye kigoda mbele ya bomba unajisugua kweli kweli, maana lile dimbwi siyo la kujisafisha, unaingia ukiwa umeshatakata. Nilijisugua mpaka nikaona aibu ya aina nyingine, kwamba wataniona nimekuja na uchafu wa mwaka. Maji ya moto jamani. Nilitegemea harufu ya mayai viza kama ya chemchemi za Galanos kule Amboni, wapi, haya hayana harufu ila ukiramba mdomo una chumvi. Mzee mmoja akafungua jicho moja, akaona natafuta pa kuweka kitaulo, akanionyesha kichwani kwake, kwamba kisiguse maji kiweke utosini. Nikaweka. Akafunga jicho. Hakuna mtu mwingine aliyehangaika na mimi, mweusi peke yangu mule ndani.

Narudi saa nne na nusu chumba kitupu, magodoro yameshatandikwa chini, mke hayupo. Akaingia saa tano kasoro, uso umeiva, mitalawanda mkononi. Alikuwa ameingia Kono-yu, lile bafu wanalosema liligunduliwa kwa sababu ya korongo aliyekuwa akijichovya mguu wenye kidonda mpaka ukapona. Nikamuuliza, na mabibi wa watu? Akasema "mabibi wenyewe walinisugua mgongo."

Asubuhi tuliingia mengine mawili, tukachemsha mayai kwenye chemchemi ya juu kule karibu na kituo cha kile kibehewa kinachopanda mlimani kwa kamba, saa nne tukatoka. Kwenye risiti kuna kodi ya kuoga, yen 150 kwa kila mmoja, nikaipiga picha nikamtumia mama Tanga. Akapiga hapohapo.

"Mmepanda treni masaa matatu mkaoge, na kodi mkalipa? Kwani huko kwenu maji yamekatika?"