Mzunguko wa Shamba la Bibi

Kila ninapokata tiketi ya mzunguko, yaani ya majukwaa ya bei nafuu, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, nakumbuka kwamba jina hilo la mzunguko tumelirithi kutoka kwa jirani yake mkongwe, Uwanja wa Uhuru, ambao sisi wa Temeke hatukuuita kwa jina jingine ila Shamba la Bibi. Kule kwenye mzunguko hapakuwa na kiti wala paa. Palikuwa na ngazi za saruji zilizochomwa na jua tangu asubuhi, hata mtu akalazimika kukalia gazeti lake kabla ya kulisoma. Mpira ukianza, sote tulisimama mpaka filimbi ya mwisho, nami niliona nusu ya mchezo kupitia kwapa la mjomba, huku muuza karanga akipenya katikati yetu bila kumwaga hata punje moja.

Ni hapo ambapo Simba iliifunga Yanga mabao 6-0 mwaka 1977, na mjomba, Yanga wa damu, hakupenda kuulizwa alikuwa amesimama upande gani siku hiyo. Uwanja mpya, uliofunguliwa mwaka 2007, una viti 60,000. Nakiri ni vizuri, ila jirani yangu sasa simjui.