Siku moja maishani mwangu: maji, mikono na mavi ya kulungu shambani Pennsylvania, Marekani

Nikisema kazi yangu ni usalama wa chakula kwenye shamba la mboga, watu hufikiria ofisi yenye kiyoyozi. Kazi yenyewe ni mabuti ya mvua, kalamu na kukagua vyoo.

Saa 11 alfajiri. Naanzia hukohuko vyooni. Kanuni ya shirikisho inataka choo kimoja na mahali pa kunawia kwa kila wafanyakazi 20, wasitembee zaidi ya robo maili kuvifikia. Leo tuko 34, vyoo viwili. Maji, sabuni, taulo za karatasi, vyote vipo. Ile dawa ya kupaka mikononi haihesabiki badala ya sabuni na maji.

Saa 12 asubuhi napita mistari ya letusi kabla wavunaji hawajaingia. Kulungu wamepita usiku. Kanuni ya usalama wa mazao mabichi, iliyotoka 2015 chini ya sheria ya usalama wa chakula ya 2011, haikutajii uache mita ngapi kuzunguka mavi. Inakutaka upime mwenyewe na usivune kinachoelekea kuchafuka. Sisi tunachomeka bendera na kuacha hatua tatu kila upande. Mvua ikiwa imerusha matope, tunaacha zaidi. Sukuma wiki siikagui: imo kwenye orodha ya mazao ambayo ni nadra kuliwa mabichi, pamoja na bamia, biringanya na viazi, kwa hiyo kanuni haiigusi. Keli, ndugu yake wa majani yaliyojikunja, inabanwa na kanuni hiyohiyo. Jikoni kwetu zote zingeishia sufuria moja.

Saa 2, nyanya. Zilizodondoka chini haziokotwi, hata ziwe nzuri namna gani.

Saa 4 siku inaharibikia kwenye tangi la kuoshea. Maji yanayogusa nyanya baada ya kuvunwa hayatakiwi kuonyesha E. koli (bakteria wa kinyesi) yoyote katika mililita 100. Kisima chetu kinafaulu, ila nyanya zikishaanza kuelea humo, uchafu wa moja ni uchafu wa zote. Klorini iko pale kulinda maji, si kusafisha nyanya, na hili ndilo watu hawalielewi. Joto nalo lina kazi yake. Nyanya inatoka shambani na nyuzi 80 za Farenhaiti. Ikitumbukia kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani yake inasinyaa, na kovu la kikonyo linafyonza maji pamoja na vijidudu. Kwa hiyo tunayapasha maji hadi 90.

"Dada, klorini imekubali," ananiambia mwenzangu Mkongo anayesimamia tangi. Kweli, karatasi ya kupimia imefika rangi inayotakiwa. Napima pH, yaani kipimo cha asidi na alkali majini: 8.3. Dawa yenyewe ni ya alkali. Kila akiongeza, pH inapanda, na hapo klorini imo majini lakini hata robo yake haiui kitu. Tunataka 6.5 hadi 7.5. Nasimamisha mkanda unaobeba nyanya. Asidi ya sitriki inaingia kidogo kidogo, mbali kabisa na dumu la klorini, maana vikikutana vikali vinatoa gesi ya sumu. Koroga, subiri dakika tano, pima. 7.9. Subiri. 7.6. Dereva wa lori la friji anapiga honi. Subiri. 7.1.

Kwenye fomu, safu ya pH ni tupu tangu saa 3. Katikati zimepita kreti 46 za pauni 25. Dereva anazitaka, eti mnunuzi ana cheti chetu cha ukaguzi. Cheti kile ni cha hiari, masharti ya soko. Mkaguzi wa jimbo anayekuja kwa niaba ya FDA, mamlaka ya shirikisho ya chakula na dawa, ataomba fomu ya leo, iliyoandikwa kazi ikifanyika, na inatunzwa miaka miwili. Kuosha upya hakutoi kilichokwisha fyonzwa. Nazikataa, naandika saa, kipimo, tulichofanya, naweka sahihi.

Mchana sijui umeendaje. Kuna kijito kinachomwagilia letusi, na juu yake jirani ana ng'ombe. Tangu mabadiliko ya 2024, maji ya umwagiliaji hayasubiri tena hesabu ya bakteria: unaandika tathmini ya chanzo, mabomba na ardhi ya jirani, angalau mara moja kwa mwaka. Hatari ya mifugo ikionekana, hatua zinachukuliwa msimu huohuo: kuacha maji hayo, kuhamia umwagiliaji wa matone, au kukaa angalau siku nne kati ya kumwagilia na kuvuna. Nimeandika siku nne. Msimamizi wa mavuno hakufurahi.

Jioni tangi linatolewa maji, linasuguliwa kwa sabuni kwanza ndipo dawa, kwa sababu dawa juu ya utelezi ni bure. Lori limeshaondoka. Zile kreti 46 naziona kutoka hapa, zimemwagwa nyekundu juu ya rundo la mboji.