Injini Iliyonoki Juu ya Sigi

Mwezi wa tatu mwaka 2013 nilimaliza mkataba. Kwa miezi kumi na minne nilikuwa nampelekea tajiri hesabu yake kila jioni, na siku aliponikabidhi kadi ya pikipiki niliishika mkononi njia nzima kutoka Chumbageni mpaka nyumbani Ngamiani. Sasa chombo kilikuwa changu, na jambo la kwanza nililolitaka ni kukiongeza nguvu.

Si kwamba nilitaka mashindano ya barabarani. Tanga mjini ni tambarare, cc 125 zinatosha na kubaki. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya Muheza: napakia bidhaa za dukani, napandisha Amani, nashuka na iliki na pilipili manga. Kutoka Muheza njia inakwenda vizuri mpaka Sigi. Ukishapita geti la hifadhi, barabara ya vumbi inaanza kujikunja ndani ya msitu na hainyooki tena mpaka ufike juu, karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari. Na kilo mia moja nyuma, pikipiki yangu ilipanda kwa gia namba moja huku inalia kama mgonjwa, na wenye cc 150 wananipita na kunipungia mkono. Kila waliponipita roho iliniuma.

Nikaenda kwa mjomba. Alikuwa fundi kereza kwenye shamba la mkonge tangu ujana wake, amezeeka na korona, zile mashine za kuchana majani ya mkonge yatoe nyuzi. Alikuwa hashiki spana kabla hajasikiliza. Ukimletea mashine ataiwasha, atainamisha kichwa, ataizima, ndipo akuulize.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Chombo kina nini?"

"Hakina kitu. Nataka kukiongeza nguvu."

"Za mbio au za mlima?"

"Za mlima."

"Basi anza na sproketi ya nyuma, ile ya meno inayozungushwa na cheni. Ongeza meno matatu. Injini iache ilivyo."

Nikamwambia hapana, nataka bloku, yaani silinda, na pistoni ya 150. Vijana kijiweni walikuwa wameshafanya. Akanitazama kwa muda, kisha akavuta kigoda.

Jioni ile alinifundisha injini yangu mwenyewe, ambayo nilikuwa nimeiendesha zaidi ya mwaka bila kuijua. Ilikuwa ya Kichina, imenakiliwa kutoka Honda CG125, pikipiki iliyotoka mwaka 1976. Wajapani waliiunda kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako chombo kinabebeshwa kuliko uwezo wake na oili inasahauliwa, ndiyo maana valvu zake zinasukumwa na fito za chuma badala ya cheni. Injini ya uvumilivu, haitaki mizunguko mingi. Upana wa pistoni ni milimita 56.5, mwendo wake wa juu na chini ni milimita 49.5. Ukiweka pistoni ya milimita 62 na mwendo ukabaki ule ule, unapata cc 149. Mjomba aliikokotoa kwa chaki sakafuni, na mimi nikaona tu kwamba nimeongezewa moja ya tano ya injini nzima.

Kazi yenyewe ilichukua wiki mbili. Bloku ya 150 haiingii kwenye kesi ya 125, lile gamba la chini la injini; mdomo wa kesi ni mdogo, kwa hiyo tuliipasua injini yote, kesi ikaenda kufungwa kwenye mashine ya kukereza kule shambani. Nilisimama pembeni nikiangalia alumini ikitoka kwa nyuzi nyembamba zinazong'aa. Mjomba alikuwa akisogeza kisu kidogo mno, anasimamisha, anapima, anasogeza tena. Baadaye tuliosha kila kipande kwa mafuta ya taa mara tatu, maana chembe moja ikibaki itaishia kwenye beringi.

Kisha ikaja siku ya sindano. Alitoa bomba la sindano la duka la dawa, lile kubwa la cc 20, akachanganya mafuta ya taa na oili kidogo. Tukaifunga injini kwa majaribio, pistoni ikiwa juu kabisa, tukailaza mpaka tundu la plagi likaangalia juu. "Haya, jaza. Pole pole. Ukikosea tone moja, anza upya." Nikasukuma, mkono unatetemeka, mpaka mafuta yakafika kwenye meno ya chini ya tundu. Cc 15 na nusu: huo ndio ukubwa wa chumba kinachobaki juu ya pistoni. Nikarudia mara tatu, zikatoka zile zile.

Akachukua chaki. Zamani, cc 124 zilikuwa zinabanwa kwenye chumba hiki hiki cha 15 na nusu. Jumlisha zote mbili, gawa kwa chumba: kumbe mgandamizo ulikuwa 9 kwa 1. Sasa tunabana 149 kwenye chumba kile kile. Akaandika 10.6, akaizungushia duara.

"Hii kwa mlima wa Amani na mzigo ni kifo. Hewa ikibanwa hivi inachemka. Moto wa plagi haujamaliza kusambaa, mafuta ya pembeni yanajiwasha yenyewe. Yanagonga. Lazima tuipanue hedi, kifuniko hiki cha juu chenye chumba, ifike cc 18, turudi kwenye 9 na kitu. Na jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupitisha mafuta, tuipandishe."

Nilimwelewa. Hilo nalisema wazi, kwa sababu kosa lililofuata si la kutoelewa. Kesho yake alipata simu ya msiba Pangani, akaondoka kwenda matangani. Aliniachia hedi mezani, imefunikwa kitambaa, na neno moja: nisubiri.

Ulikuwa mwanzo wa mwezi wa saba. Mjini watu wanavunja jungu, zimebaki siku tatu mfungo uanze, na mama mwenye duka kule Amani amenipigia mara mbili: anataka sukari na tende kabla ya mwezi kuandama. Kijana mmoja kijiweni akaniambia kompresheni, yaani mgandamizo, ikikaza ndiyo nguvu yenyewe, wazee wanaogopa. Nilitaka kumwamini, nikamwamini. Usiku ule niliifunga injini na hedi ile ile isiyopanuliwa, na jeti ile ile ya zamani.

Asubuhi, kutoka Tanga hadi Muheza, sijawahi kuwa na furaha kama ile juu ya pikipiki. Ukigusa tu mafuta inaruka. Mkonge wa Pongwe ulinipita pande zote mbili kama mistari ya daftari.

Muheza nikapakia mifuko miwili ya sukari ya kilo 50 na katoni ya tende juu yake, nikafunika turubai. Nikapita Sigi kwa gia namba tatu, kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Kona ya kwanza, ya pili. Ya tatu nikaanza kuisikia: kama misumari inatikiswa ndani ya kopo la rangi. Nikipunguza mafuta inanyamaza, nikifungua inarudi. Nilijua ni nini. Neno la mjomba lilinijia kichwani kama lilivyo, "yanagonga", na bado nikafungua mafuta, kwa sababu mlima ulikuwa mbele na sukari ilikuwa nyuma.

Ikanoki katikati ya kona. Gurudumu la nyuma likakaza, pikipiki ikaserereka pembeni, nikawahi kuvuta klachi, mguu mmoja chini. Kimya. Moshi mwembamba unapanda kutoka kwenye mapezi ya bloku, na harufu ya oili iliyoungua ikachanganyika na ubichi wa msitu. Nilipiga kiki. Haikushuka hata kidogo.

Bodaboda mmoja aliyekuwa anapanda akachukua mzigo, nikamlipa kwa pesa yangu. Mimi niliiteremsha pikipiki kwa breki hadi Sigi, nikakaa nje ya nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, pale reli ndogo ya Wajerumani ilipokuwa ikiishia, nikasubiri gari la kushuka. Niliwaza kadi ya pikipiki. Zaidi niliwaza hedi iliyokuwa mezani chini ya kitambaa, na jinsi mjomba atakavyokikuta kitambaa kimekunjwa.

Hakugomba. Aliporudi kutoka Pangani aliifungua injini mwenyewe, akachomoa pistoni, akaniwekea kiganjani. "Isome."

Nikaisoma. Upande wa eksozi ukingo wake ulikuwa umeyeyuka na kuliwa kama mkate uliong'atwa na panya. Ringi mbili zilikuwa zimeganda ndani ya mifereji yao. Akanipa plagi: kauri yake nyeupe pe, na juu yake vitone vidogo vya alumini, vidogo kuliko chembe za chumvi. Ile ilikuwa pistoni yangu, imeyeyuka na kurukia plagi.

"Hewa umeiongeza," akasema. "Mafuta hukuyaongeza. Na mahali pa kubania umepaacha padogo. Joto lingekwenda wapi?"

Niliuza simu, nikanunua pistoni na ringi. Bloku iliokoka, alumini iliyoganda ukutani tuliitoa kwa msasa laini. Kazi yote tuliifanya mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, chini ya taa ya uani. Safari hii hedi aliniachia mimi. Nilikuwa nakwangua kingo za chumba kwa kijiwe cha kuzungusha, dakika tano tu, nasafisha, nafunga, nalaza injini, nachukua sindano. Cc 16. Tena. Cc 16 na nusu. Usiku mwingine, 17. Usiku wa tatu karibu na daku nilifika 18, shangazi akatuletea uji wa pilipili manga, tukanywa tumesimama, tukiitazama hedi kama mtoto mchanga. Ringi nilizitumbukiza moja moja ndani ya bloku nikapima mwanya wa ncha zake, robo milimita, zisije zikakutana zikipata moto. Jeti tukatoa ya 95 tukaweka ya 105. Springi za klachi mpya. Na sproketi ya nyuma, meno matatu zaidi. Niliileta mwenyewe, hakuniambia.

Baada ya Idi niliizoeza kilomita 500 bila mzigo, Raskazone na kurudi, Mwambani na kurudi, mkono mwepesi, kisha nikamwaga oili. Ndipo nikamwambia mjomba nakwenda Muheza kupakia.

"Usipakie," akasema. "Leo mzigo ni mimi."

Alipanda nyuma na kofia yake ya kufumwa chini ya helmeti, mkoba wa spana mapajani. Njia nzima hakusema neno. Tulipopita Sigi nilisikia kidevu chake kimekaribia bega langu, anasikiliza. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Gia namba mbili, mafuta nusu, mlio mzito wa sawasawa. Kile kipande cha barabara iliponokia kikapita chini yetu.

Karibu na juu, mlima ukiwa bado umesimama na injini inavuta kwa nguvu zake zote, akanigonga begani. "Zima! Zima hapa hapa, vuta klachi!" Nikazima. Akashuka, akachukua spana ya plagi, akaifungua kwa kitambaa kwa jinsi ilivyokuwa ya moto, akaigeuza kwenye mwanga.

Kauri ilikuwa na rangi ya mdalasini mkavu, pande zote sawa.

Akanipa niishike, akangoja mpaka nimeiona vizuri, kisha akairudisha mahali pake kwa mikono yake na kuikaza robo mzunguko. "Washa," akasema. "Tukamsalimie mama wa sukari."